Meli ya anasa kwa mara ya kwanza: maswali tunayoulizwa kila wiki

Ofisini kwetu Dar es Salaam kazi kubwa ni tiketi za ndege na Umra. Safari za meli za anasa ni kipande kidogo cha biashara, lakini ndicho kinachojaza simu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne nne. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa kama yanavyoulizwa, na majibu ni yale ninayompa mtu aliyeketi mbele ya meza yangu, pamoja na yale yasiyoniongezea kamisheni.

Meli gani ni nzuri kuliko zote?

Swali hilo liweke kando kidogo. Anza na pasipoti.

Mmarekani anachagua meli kwa vyumba na chakula kwa sababu bandari nyingi zinampokea bila viza. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda mambo yanakwenda kinyume: njia kwanza, meli baadaye. Mtu akinionyesha picha ya bwawa la kuogelea kwenye simu, mimi namwomba pasipoti. Naangalia muda uliobaki (kama haufiki miezi sita baada ya tarehe ya kurudi, tunaanzia Uhamiaji), naangalia kurasa tupu, naangalia viza za zamani. Hapo ndipo tunafungua ramani.

Nina viza ya Schengen. Inanitosha kwa safari ya Ugiriki na Uturuki?

Schengen ni kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja; Ugiriki imo, Uturuki haimo. Itoe viza yako uisome. Kuna sehemu inayoonyesha unaruhusiwa kuingia mara ngapi: 01, 02 au MULT. Ikisoma 01, usilipie safari hiyo.

Miaka kadhaa nyuma nilimhudumia mama mmoja na mumewe, watoto wao wamewachangia safari ya kustaafu. Meli inaanzia Piraeus, bandari ya Athens, inakwenda Kuşadasi upande wa Uturuki, kisha Rhodes, Santorini, na kurudi Piraeus. Waliingia Ugiriki vizuri, wakalala hotelini, wakanitumia picha ya Akropolis. Kesho yake binti wa kaunta bandarini akakunjua pasipoti, akaweka ukucha kwenye ile 01, akamwita mkubwa wake. Hesabu yao ilikuwa rahisi: meli ikifika Kuşadasi mmetoka Schengen, ikifika Rhodes mnaingia mara ya pili, na viza yenu imekwisha. Wakaachwa gatini na masanduku yao, meli ikaondoka, na fedha haikurudi hata senti. Kosa halikuwa la kaunta wala la ubalozi. Fomu niliijaza mimi.

Tangu hapo kila mteja wa Mediterania namwombea viza ya kuingia mara nyingi, na kwenye maombi tunaambatanisha ratiba nzima ya meli, bandari kwa bandari, ili afisa aone mwenyewe kwa nini. Croatia iliingia Schengen mwaka 2023, kwa hiyo Dubrovnik na Split hazileti tabu. Lakini Kotor iko Montenegro, nje ya Schengen, na meli nyingi za Adriatiki hupenda kuingia ghuba ile. Albania nayo iko nje. Uturuki ina viza yake na Uingereza yake.

Maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa ile utakayoingia kwanza. Katika safari ya meli hesabu hii huwachanganya watu, kwa hiyo chukua kalamu uandike kila usiku meli itakuwa wapi.

Kuna njia isiyohitaji Schengen kabisa?

Zipo, na kwa mara ya kwanza nazipenda. Afrika Kusini haidai viza kwa Mtanzania wala Mkenya anayekwenda kutalii hadi siku 90, na msimu wa kiangazi chao meli za MSC huanzia Durban kwenda upande wa Msumbiji. MSC ni kampuni ya meli kubwa za watu wengi, siyo ya anasa, ila baadhi ya meli zake zina sehemu iitwayo Yacht Club: lango lake, mgahawa wake, bwawa lake, mhudumu wako. Unapata anasa ndani ya meli ya kawaida. Uliza kama meli ya msimu huo inayo, maana si zote.

Shelisheli hawana viza, unajaza tu kibali cha kusafiri mtandaoni. Kampuni ya Kifaransa ya Ponant huleta meli ndogo zinazozunguka visiwa kutoka Mahé, nyingine hadi Aldabra kwenye kobe wakubwa. Bei inauma.

Ghuba nayo ni rahisi kwa watu wa pwani. Meli huanzia Dubai au Doha kuanzia Novemba hadi Machi hivi, hupita Muscat na Khasab. Zingatia tena idadi ya kuingia kwenye viza ya Imarati kama meli inatoka na kurudi Dubai. Muscat meli hufunga Muttrah, mbele ya soko lenyewe, na usishangae muuza ubani akikujibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko chako.

Niko Marekani na nataka Alaska. Viza yangu ya Marekani inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli za bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine, na karibu meli zote hizi zina bendera ya kigeni. Ndiyo maana meli ya Alaska inayotoka Seattle hupitia Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Wewe utahitaji ruhusa ya Kanada, hata usiposhuka. Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu wa Marekani, ana unafuu wake, basi soma masharti ya Kanada kabla ya kulipa.

Hii "anasa" ni nini hasa? Kila tangazo linasema anasa.

Anasa ya meli ni nafasi. Marumaru na taa za kioo hata meli za bei ya chini zinazo. Chukua ujazo wa meli, ule unaoandikwa kwa tani (ni kipimo cha ukubwa wa ndani, si uzito), ugawanye kwa idadi ya abiria, ukihesabu wawili kwa kila chumba. Namba ikiwa kubwa, nafasi ya kila mtu ni kubwa.

Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, ina tani karibu 249,000 na abiria 5,610 kwa hesabu hiyo: unapata 44. Vitanda vyote vikijaa hubeba hadi 7,600, na 44 hiyo inashuka. Viking Star ina tani karibu 48,000 kwa watu 930: 51. Explora I, karibu tani 64,000 kwa watu 922: kama 69. Silver Nova ya Silversea, tani karibu 55,000 kwa watu 728: 75. Hesabu hii ya darasa la nne inakuambia mengi kuliko kijitabu cha picha: je, asubuhi utapanga foleni ya mayai? Utapata kiti kivulini? Lifti itakuja?

Baada ya nafasi, tazama idadi yenyewe ya watu. Meli ya watu 298 kama Evrima ya Ritz-Carlton inaingia bandari ndogo ambazo lile jitu la watu elfu saba haliwezi hata kuzisogelea. Lakini ni meli ndogo, na siku ya tatu mnajuana wote. Mtu asiyependa kusalimiwa kila akigeuka asichukue meli ya namna hiyo. Mimi kwa mgeni napendekeza kati ya watu 600 na 1,000.

Kwa nini nilipe dola 600 kwa siku wakati kuna safari ya dola 150?

Kwa sababu ile ya 150 haijamaliza kukudai. Tupige mfano wa usiku saba, kwa mtu mmoja. Tiketi dola 1,100. Bakshishi ya lazima dola 20 kwa siku, 140. Kifurushi cha vinywaji dola 80 kwa siku, 560. Intaneti 25 kwa siku, 175. Matembezi ya nchi kavu mara nne kwa dola 100, 400. Jumla 2,375, na bado hujala kwenye mgahawa wa kulipia.

Kampuni za anasa kama Regent, Silversea, Seabourn na Explora huweka vingi ndani ya bei: vinywaji, bakshishi, intaneti, migahawa karibu yote. Regent huongeza hadi matembezi. Kwa hiyo ukilinganisha, linganisha ile 2,375 na bei ya anasa, usichukue 1,100. Tofauti bado ipo, sitakudanganya, ila si mara nne tena.

Mimi sinywi pombe. Si nitakuwa nawanunulia wenzangu?

Ndiyo. Hili mawakala wengi hawalisemi, nami naliona ni swali bora kuliko yote kwenye ukurasa huu. Rudi kwenye mfano wa juu, ondoa 560 ya vinywaji: safari ya kawaida inashuka hadi 1,815, na ile ya anasa haishuki hata dola moja. Shampeni ya jirani umeilipia wewe.

Kwa mteja asiyekunywa huwa natafuta kampuni ambayo fedha yake inakwenda kwenye vitu atakavyotumia. Viking ndiyo ninayoitaja mara nyingi. Bia na divai hutolewa wakati wa chakula cha mchana na usiku tu, lakini bei ina intaneti na tembezi moja kila bandari, vyumba vyote vya meli zake za baharini vina roshani, na hakuna kasino. Wazee wetu wa Tanga na Mombasa wanaostaafu huipenda kwa hilo la kasino kuliko kitu chochote. Bakshishi angalia kwenye ankara, kwa sababu inategemea umenunulia nchi gani. Na kumbuka haipokei aliye chini ya miaka 18.

Chakula halali je? Na sala?

Andika mahitaji yako siku unayoweka nafasi, kisha yakumbushe tena miezi miwili kabla. Meli hununua nyama kabla ya kung'oa nanga, na mpishi hawezi kukuchinjia kuku katikati ya bahari. Uliza kwa maneno haya: nyama yenye cheti cha halali inapatikana, au mnanipa tu chakula kisicho na nguruwe? Ni vitu viwili tofauti, na jibu la "tutajitahidi" maana yake ni la pili. Wateja wangu wengi huishia kwenye samaki, na samaki wa meli hizi si wa kulalamikia. Hakikisha tu mchuzi wake haujatiwa divai, wenzetu hawa hutia divai kila mahali.

Kibla kinahama. Meli inaweza kugeuka wakati uko rakaa ya pili. Kwenye runinga ya chumbani kuna chaneli ya ramani inayoonyesha meli ilipo na inakoelekea. Itazame pamoja na dira ya simu kabla ya kutandika mswala. Wakati nao husogezwa saa moja mbele au nyuma usiku, kwa hiyo usitegemee adhana ya simu kama haijajirekebisha. Swala ya Ijumaa ya jamaa usiitarajie.

Nichukue chumba kipi?

Wahenga wa pwani walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wao walikuwa na maana yao, lakini kwa mgeni wa meli ni ushauri wa ufundi mtupu. Omo, yaani mbele ya meli, hupanda na kushuka na mawimbi; tezi, yaani nyuma, hutikiswa na mitambo; katikati ndiko kunakotulia. Chukua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini au za kati. Vyumba vya juu kabisa mbele, vyenye madirisha makubwa na bei kubwa, ndivyo vinavyoyumba zaidi.

Kisha chukua ramani ya sitaha uone nini kiko juu yako na chini yako. Chumba juu yake chumba na chini yake chumba, umepata. Ukiona juu yako ni jiko au sitaha ya bwawa, saa kumi na moja alfajiri utasikia viti vikiburutwa kichwani.

Roshani ina thamani? Kwa safari ya Mediterania au Alaska, ndiyo, kaa na chai yako uangalie visiwa vikipita. Kwenye meli nyingi za anasa hata hili si swali. Explora I ina vyumba 461 na vyote vinatazama bahari.

Nitalewa bahari?

Umewahi kupanda boti ya Unguja kipindi cha kusi ukafika salama? Basi Mediterania ya Juni haitakuweza. Meli hizi zina mapezi ubavuni, chini ya maji, yanayopunguza kuyumba. Upepo mkali upo, hasa kusini mwa Ufaransa, na bahari ya Atlantiki ni habari nyingine. Kwa mara ya kwanza chagua Mei hadi Septemba, na njia inayolala karibu na pwani.

Dawa hunywewa kabla ya kuchafukwa na roho, si baada. Muulize daktari wako kama una presha au ujauzito. Tangawizi nayo husaidia, na macho yako yakae kwenye upeo wa bahari, yasikae kwenye simu.

Nitavaa nini? Nimesikia kuna usiku wa suti.

Inategemea kampuni. Viking hawana usiku wa kujipamba. Regent ni nguo nadhifu tu. Cunard, yaani Queen Mary 2 na ndugu zake, bado wana usiku rasmi wa suti nyeusi na tai ya kipepeo. Lakini kanuni zao zinapokea vazi rasmi la taifa, na hapa ndipo sisi tunapowashinda. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti juu yake, kofia ya vito: bwana mmoja mteja wangu aliniambia alipigwa picha na watu wengi kuliko nahodha. Kina mama, kitenge kilichoshonwa na fundi mzuri kinatosha kabisa. Usikodi suti.

Beba sweta. Kiyoyozi cha ukumbi wa maonyesho hakina huruma.

Mama ana miaka 72 na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Ataweza kuliko safari nyingi za nchi kavu, kwa sababu anafungua sanduku mara moja tu na hoteli ndiyo inayohama. Tatizo ni bandari ambazo meli haifungi gatini. Inatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa boti ndogo, na kuruka kutoka ngazi ya meli kwenda kwenye boti inayopanda na kushuka si kazi ya goti bovu. Kwenye ratiba huwekwa alama ya nanga kwenye bandari hizo; zihesabu kabla ya kulipa. Ya kwanza kwa sifa ni Santorini. Pale ukishashushwa bado uko chini ya genge; juu unapanda kwa gari la kamba lenye foleni, kwa punda, au kwa ngazi zaidi ya 580. Mama akae roshanini, kisiwa kinaonekana vizuri zaidi kutoka majini. Ugiriki pia hutoza kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos kwenye miezi ya msongamano, euro 20, kwa hiyo usishtuke ukiiona kwenye ankara.

Watoto je?

Meli nyingi za anasa hazina la kuwafanyia. Watakuchosha nao watachoka. Kama wapo, tazama Explora, au sehemu ya Yacht Club ya MSC, ambako watoto wanakwenda kwenye mitelezo ya maji ya meli kubwa na wewe unabaki kwenye utulivu wako.

Ratiba inasema "Roma". Tutafika Roma saa ngapi?

Hamtafika Roma. Mtafika Civitavecchia, takriban kilomita 70 kutoka Roma. "Florence" ni Livorno, "Athens" ni Piraeus, na "Venice" siku hizi inaweza kuwa Ravenna, Trieste au Chioggia, kwa sababu tangu Agosti 2021 meli za zaidi ya tani 25,000 haziruhusiwi kupita mfereji wa Giudecca mbele ya mji. Kila ukiona jina la mji mkubwa, uliza jina la bandari na muda wa barabara. Siku ya saa tisa bandarini, ukiondoa saa tatu za basi na moja ya chakula, umebakiwa na saa tano za kuona Roma nzima.

Nikichelewa kurudi, meli itanisubiri?

Ukiwa kwenye matembezi uliyonunua kwa meli yenyewe, itasubiri au itakupeleka bandari inayofuata kwa gharama yake. Ukiwa na teksi yako, haisubiri. Na saa iliyoandikwa kwenye ratiba ni ya kuondoka. Kurudi ndani ni nusu saa au zaidi kabla. Saa ya mkononi iwe ya meli, maana simu hujibadilisha ikinasa mnara wa nchi nyingine.

Siku ya kupanda mambo yakoje?

Fika mjini siku moja kabla. Ndege ya kutoka kwetu mara nyingi ina kituo njiani, na ikichelewa saa sita meli imeshakwenda. Bandarini unakabidhi sanduku lenye lebo kwa wapagazi, unaliona likiondoka, na hutaliona tena hadi jioni mlangoni kwako. Kwa hiyo dawa za presha, miwani, chaja, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na nguo ya kubadili zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mzee mmoja alipitisha mchana wote wa kwanza na viatu vya ngozi pembeni ya bwawa kwa sababu kandambili zilikuwa kwenye sanduku.

Usikwepe zoezi la usalama. Usiku wa Januari 13, 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio na watu 32 wakafa. Mamia waliopanda jioni ile Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi, lilipangwa kesho yake. Sasa hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Kumbuka tu milio mifupi saba na mmoja mrefu, na ujue kituo chako cha kukutania.

Nikiugua?

Kuna daktari na zahanati, na vyote ni vya kulipia, hata kwenye meli ambayo shampeni ni bure. Bima ya Schengen pekee ninaiona ndogo. Tafuta inayotaja safari za meli na kuhamishwa kwa dharura, maana helikopta haisomi euro 30,000. Eleza ugonjwa ulionao tangu zamani; ukiuficha, ndiyo sababu ya kwanza watakayoitumia kukunyima.

Kampuni kubwa hivi zinaweza kufilisika?

Zimewahi. Crystal ilikuwa miongoni mwa majina yanayoheshimika kuliko yote. Januari 2022 kampuni mama yake, Genting Hong Kong, ikaanguka. Crystal Symphony ilikuwa inarudi Florida na abiria ndani, mahakama ya Marekani ikatoa amri ikamatwe kwa deni la mafuta, meli ikageuza kwenda Bahamas na abiria wakavushwa kwa feri. Jina hilo limenunuliwa na wenyewe wa kampuni ya utalii ya Abercrombie & Kent na meli zimerudi baharini tangu 2023, lakini waliokuwa wamelipia mapema walisumbuka sana kudai chao.

Lipa kwa kadi ya benki inayokuwezesha kupinga malipo, na usikubali punguzo la kulipa yote mwaka mzima kabla. Arubuni ya asilimia 20 hadi 25 inatosha kushika chumba. Salio hudaiwa kati ya siku 90 na 150 kabla ya safari. Hapo kuna mtego kwa sisi wa viza: tarehe ya kumaliza kulipa huwa inafika kabla majibu ya ubalozi hayajatoka. Omba viza mapema kadiri inavyoruhusiwa, na muulize wakala kwa maandishi utarudishiwa nini ukinyimwa. Mara nyingi jibu ni arubuni imekwenda.

Wakala ananiongezea bei?

Hapaswi. Kamisheni yetu hulipwa na kampuni ya meli, na bei yako iwe ile ile iliyo kwenye tovuti yao. Tunaweza kukutoza ada ya kushughulikia viza, na hiyo tukuandikie peke yake. Tukikupa jumla moja isiyo na mchanganuo, dai mchanganuo.

Nitaweza kuiona meli kwanza kabla sijatoa hela yote hii?

Unaweza, na nauli yake ni tiketi ya boti. Msimu wa kaskazi, Novemba hadi Machi, meli za utalii hupita pwani yetu, zikiwemo baadhi za kampuni za anasa zinazotoka au kwenda Cape Town, na hutia nanga Zanzibar na Mombasa. Ratiba za kampuni ziko wazi mtandaoni. Nenda Forodhani asubuhi ya siku hiyo, kaa na kahawa yako, uwatazame wanaposhuka. Hesabu magari ya kwenda msitu wa Jozani yanayowasubiri. Angalia wana umri gani, wanatembea vipi, wanaongea na wahudumu wao namna gani, wanabeba fimbo wangapi. Hao ndio utakaokula nao meza moja siku kumi.